Ndewe

Shangazi Misoji alinibatiza kwa vidole viwili:
alivuta ndewe ya sikio lake, mara mbili, haraka,
kama fundi anayejaribu uzi kama utakatika.
Hilo ndilo jina langu.
Lile la cheti, Nyanzala, la mwaka wa njaa,
halikuwahi kupita mkononi mwake.
Watu husema: sikupi ndewe wala sikio.
Yeye sikio hakuwa nalo la kunipa.
Alinipa ndewe.

Chumba kimoja Isevya, karibu na reli:
cherehani ya mguu, kopo la vifungo,
glasi ya maji juu ya kabati la chuma.
Treni ya Mpanda ilipokaribia
aliiona kwanza majini,
duara, kisha duara ndani ya duara,
akanigeukia, kiganja kikitambaa juu ya kiganja.
Inakuja.
Mimi mwenye masikio mazima nilikuwa bado sijasikia kitu.

Mkasi ulikuwa vidole viwili vikitafuna hewa.
Asali, jicho moja kufumba, maana nyuki hutangulia.
Chumvi, gumba kusugua kidole cha shahada, polepole.
Mama Mlolwa alikuwa bega lililopanda,
kwa sababu hakuwahi kulipia gauni
bila kulipandisha bega kwanza.
Na swali halikukaa mkononi, lilikaa kwenye nyusi:
zikiinuka, umekula?
zikikunjana, umekula nini, na kwa nani?

Umeme ulipokatika
alichukua mkono wangu gizani
akaendelea na umbea humohumo kiganjani,
nami nikacheka peke yangu,
jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mwaka huu mkono wake wa kulia
umeanza kusema bila kutumwa.

Kitete, daktari kijana alimwambia anyooshe mikono,
akalaza karatasi juu ya vidole.
Karatasi ikapiga mbawa.
Kisha akamwambia apumzishe mikono mapajani, atulie.
Akatulia mwili mzima
isipokuwa gumba, likisugua kidole cha shahada,
likisugua, likisugua.
Daktari akanigeukia mimi, mkalimani: anasema nini?
Nikasema: anaomba chumvi.
Hakucheka. Aliandika kitu kirefu.

Siku tatu nilizidisha chumvi kwenye mchicha.
Siku ya nne nyusi zilikunjana
akaisukuma sahani kwa mkono wa kushoto.
Nikaelewa, nikatoka nje kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sasa huukalia mkono ule, auzibe mdomo,
na vitu vinasema badala yake.
Subana imefunikwa kando ya glasi: nina kiu.
Ufunguo ndani ya ndara yangu: usichelewe kurudi.
Kibiriti kimesimama wima, mpishi leo ni wewe.
Kigurudumu cha uzi, kitupu, juu ya mto
asubuhi moja niliyokuta hajaamka:
hicho sikuuliza maana yake,
nilikizungushia uzi mweusi nikakirudisha kwenye droo.

Jana usiku maji yalitetemeka kwenye glasi.
Nikamwekea kiganja juu ya kiganja: treni.
Akatikisa kichwa.
Akaonyesha kiwiko chake kilichoegemea kabati.
Mimi.

Halafu akautoa mkono chini ya paja.
Ulichukua muda kufika sikioni,
ulipotea kwenye shavu, ukagusa kilemba, ukarudi.
Ukaishika ndewe.
Ukavuta mara mbili, kisha ya tatu, ya nne,
mkono haukujua pa kuishia.
Ngapi zilikuwa zake na ngapi za ugonjwa,
mimi sijui.
Niliitika zote.